Ukuta na Mlango wa Uani

Jina mafundi wa seva waliliazima kwa waashi. Ukuta wa moto, au faiawoli, ni ule unaojengwa kati ya nyumba zinazopakana ili moja ikiungua nyingine isalimike. Kwenye kompyuta kazi yake ni ya bawabu: kila furushi la data linalobisha hodi huangaliwa limetoka wapi na linataka mlango upi, kisha hupitishwa au hutupwa.

Bawabu huyo hakuthaminiwa sana hadi Novemba 1988, Robert Morris, mwanafunzi wa Cornell, alipoachia programu iliyojizalisha yenyewe. Inakadiriwa kompyuta 6,000 zilielemewa, kati ya kama 60,000 zilizokuwa mtandaoni. Njia mojawapo aliyoitumia ni tundu la sendmail, programu ya kupeleka barua pepe.

Wezi hawakulisahau tundu hilo. Tarehe 7 Januari 1991 kuna aliyelijaribu kwenye lango la Bell Labs, maabara za AT&T, akitaka faili la nywila. Mlinda lango, Bill Cheswick, alikwisha kuliziba. Badala ya kumfukuza, alimpa faili la uongo, akaigiza mashine goigoi, akamchezesha miezi kadhaa huku akiandika kila hila yake. Nyayo zilielekea Uholanzi. Mzaha, ndiyo, lakini mzaha wa mtu aliyejua udhaifu wa kazi yake: ni yeye aliyekwisha kuonya kwamba mtandao wenye lango tu ni ganda gumu, ndani teketeke.

Faiawoli zikawa bidhaa. Check Point ya Israel ilitoa yake 1994, na baadaye Linux ikaja na iptables, bure.

Tarehe 25 Januari 2003 mdudu Slammer, programu ya kujizalisha kama ile ya Morris, alivamia seva za hifadhidata za Microsoft kupitia mlango namba 1434. Alikuwa na baiti 376 tu, na dakika 10 zilimtosha kuzagaa duniani. Kiraka cha kuziba tundu alilolitumia kilikuwa kimetolewa miezi sita nyuma. Hata asiyekiweka, kama faiawoli yake ilifunga mlango ule, alikuwa na kinga.

Kinu cha nyuklia cha Davis-Besse, Ohio, kilikuwa na faiawoli, na mlango 1434 ulifungwa. Mdudu hakuugusa. Alianzia kwenye mtandao wa mkandarasi, akafuata laini iliyomwunganisha na kinu bila kupitia kwenye faiawoli. Skrini za kufuatilia usalama zilizimika kwa karibu saa tano. Bahati yao kinu chenyewe kilikuwa kimesimamishwa kwa matengenezo.