Mtaala wa Jiografia wa Sekondari: Kupanga Miaka Minne Kisiwani Bumbire

Kupanga mtaala wa jiografia wa sekondari ni kuamua mwanafunzi atajifunza nini, kwa mfuatano gani, na jambo lipi atalirudia akiwa amekomaa zaidi, tangu aingie kidato cha kwanza hadi afanye mtihani wa kidato cha nne. Nchini Tanzania kazi hiyo ina ngazi mbili. Ngazi ya taifa ni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, inayotunga mtaala na muhtasari wa kila somo. Ngazi ya shule ni ya idara na mwalimu, ambao huugeuza muhtasari kuwa azimio la kazi na andalio la somo. Makala hii inahusu ngazi ya pili, na mfano wake ni Bumbire, kisiwa kilicho upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, kusini mwa mji wa Bukoba, katika Wilaya ya Muleba mkoani Kagera. Hoja yake ni kwamba muda wenyewe ni kifaa cha kufundishia. Yako maarifa ya jiografia yasiyopatikana ila kwa kupima kitu kilekile, mahali palepale, kwa miaka kadhaa. Mpango unaogawa mada kwa vidato bila kulijali hilo huitupa nafasi ambayo mwanafunzi hataipata tena maishani mwake, yaani miaka minne mfululizo katika sehemu moja akiwa na mtu wa kumwongoza.

Mfuatano wa mada uliozoeleka unaonyesha tatizo lilipo. Muhtasari uliotokana na mabadiliko ya mtaala ya mwaka 2005 ulianza kidato cha kwanza na maana ya jiografia, mfumo wa jua, sura ya dunia, hali ya hewa na kazi za ramani. Kidato cha pili kilipewa shughuli za binadamu: kilimo, maji, misitu, madini, utalii, viwanda, nishati na usafirishaji. Cha tatu kiliingia katika muundo wa dunia, nguvu zinazoibadili, udongo, upimaji ardhi na usomaji wa ramani na picha, na cha nne kikafika kwenye tabianchi, idadi ya watu, makazi na mazingira. Kila mada hapo ina haki ya kuwapo. Kasoro iko katika umbali kati yao. Anayejifunza kusoma kipimamvua akiwa kidato cha kwanza hukutana na tabianchi kwa kina baada ya karibu miaka mitatu. Tabianchi ni wastani wa hali ya hewa wa muda mrefu, lakini mwanafunzi hufika kwenye wastani huo bila kuwa na takwimu hata moja aliyoikusanya mwenyewe, akalazimika kukariri jedwali la mji asioujua. Mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza kwa awamu Januari 2024, unasisitiza umahiri kuliko kukariri. Hata hivyo hakuna mtaala wa taifa unaoweza kuandika azimio la kazi la kila shule, na hapo ndipo pengo huzibwa au huachwa wazi.

Bumbire ina utajiri wa kutosha kuliziba. Kisiwa kipo karibu na nyuzi 1 na dakika 40 kusini mwa ikweta, na karibu na longitudo ya nyuzi 32 mashariki. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45, na dunia huchukua dakika 4 kupita nyuzi moja. Kwa hiyo kisiwani jua hufika juu kabisa kwa wastani dakika 52 baada ya saa sita mchana. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza mwenye kijiti kilichosimikwa wima uwanjani anaweza kulithibitisha jambo hilo kwa kufuata kivuli, na kivuli hichohicho kitamwonyesha kuwa jua hupita utosini siku chache kabla ya usawa wa mchana na usiku wa Machi na siku chache baada ya ule wa Septemba. Kuhusu mwezi, wazazi wake tayari wanaishi kwa kalenda yake, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka kazi husimama. Mada ya mfumo wa jua, ambayo kwingi hubaki mchoro wa duara ubaoni, hapa ina maelezo kwenye kila mwalo.

Mvua inafaa kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa maana ndiyo inayoibeba hoja yote. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na Mwanza, upande wa kusini wa ziwa hilohilo, hupata kama nusu yake. Sababu ni kwamba pepo za kusini-mashariki huvuka eneo kubwa la maji, zikabeba unyevu na kuumwaga kwenye pwani ya magharibi. Usiku hewa ya nchi kavu iliyopoa hutelemka kuelekea ziwani na kuinua hewa yenye joto iliyo juu ya maji, ndiyo maana ngurumo nyingi huja alfajiri, saa ambazo mtumbwi wa dagaa bado uko kazini. Maelezo haya yakisomwa kitabuni husahaulika baada ya mtihani. Yakijengwa juu ya daftari la shule ambamo mvua imeandikwa kila asubuhi tangu Januari ya kidato cha kwanza, yanakuwa jibu la swali ambalo mwanafunzi ameliona likijitokeza kwa mkono wake. Akifika kidato cha tatu ana takwimu zake za kuchorea grafu na kutafutia wastani, na kidato cha nne anaweza kuuliza kwa nini masika ya mwaka mmoja yalizidi ya mwingine. Kipimamvua ni chombo rahisi. Ugumu upo katika kutoruka siku, na huo ni ugumu wa mpango kuliko wa fedha.

Kipimo cha pili ni kina cha maji ufukweni, nguzo yenye alama za sentimeta ikitosha. Ziwa Viktoria hupokea sehemu kubwa ya maji yake, karibu asilimia 80, kutoka mvua inayoanguka moja kwa moja juu yake, hivyo mwaka wa mvua nyingi huonekana kwenye kina chake. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya meta 2, na mwaka 2020 yalipanda tena yakafunika mialo na nyumba za kandokando. Daftari la mvua na daftari la kina yakiwekwa pamoja yatamfundisha mwanafunzi uhusiano wa sababu na matokeo. Yatamfundisha pia kwamba matokeo huchelewa, jambo ambalo hakuna mchoro wa mzunguko wa maji unaolionyesha.

Katika kidato cha pili kipimo cha tatu kinaongezwa: bei ya dagaa mwaloni, siku moja kila wiki. Hapa mada za uvuvi, biashara na usafirishaji zinakutana. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaenea, akawamaliza wengi wa furu waliokuwa chakula cha wenyeji, kisha akazaa viwanda vya minofu Mwanza, Bukoba na Musoma. Bei ya samaki kisiwani ikaanza kufuata maamuzi ya mbali, kama ilivyodhihirika mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili. Kilimo nacho kina kielelezo karibu. Kibanja cha Wahaya, penye migomba na mibuni, kina rutuba, na rweya iliyo hatua chache tu kutoka hapo ni nyasi juu ya udongo maskini. Tofauti hiyo imetengenezwa na watu, kwa vizazi vya kubeba samadi na nyasi kutoka rweya hadi kibanjani. Kidato cha pili hulitazama jambo hili kama kilimo na cha tatu hulirudia kama somo la udongo, na marudio ya namna hiyo ndiyo aliyoyatetea mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner mwaka 1960 alipopendekeza mtaala unaozunguka na kupanda.

Kidato cha tatu kinaingia chini ya ardhi. Mito Kagera na Katonga iliwahi kutiririka kuelekea magharibi, hadi ardhi ya upande huo ilipoinuka pamoja na Bonde la Ufa na kuyarudisha maji yakatuama. Ndiyo sababu Viktoria, lenye eneo la karibu kilometa za mraba 68,800, lina kina kisichozidi sana meta 80, huku Tanganyika, lililo ndani ya ufa wenyewe, likizidi meta 1,400. Nguvu hizo hazijalala. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 liliitikisa Kagera, likaua watu na kuharibu majengo, yakiwemo ya shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato. Vilima vya pwani ya Bukoba na Muleba vimelala kwa safu zinazoelekea kaskazini-kusini. Mwanafunzi mwenye ramani ya 1:50,000 na aulize kama kisiwa chake kimefuata mwelekeo huo, na ajibu kwa kupima.

Kidato cha nne ndicho kinachovuna. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 iliwahesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Usiku wa kuamkia siku hiyo ulikuwa siku chache kabla ya mwezi mpya wa tarehe 27, yaani katika giza la dagaa, wakati makambi ya wavuvi yana watu na wengi wako majini. Swali la nani alilala wapi usiku wa sensa ni swali halisi kisiwani, na linamfundisha mwanafunzi kuichunguza takwimu kabla ya kuitumia. Ramani nayo inastahili uchunguzi huohuo. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa hili kwa mashua na kuthibitisha kuwa ni ziwa moja, lisilo na vipande. Katika safari hiyohiyo, tarehe 28 Aprili, watu wa Bumbire waliivuta mashua yake nchi kavu na kuchukua makasia, naye akaondoka akifyatua risasi. Tarehe 4 Agosti alirudi na mitumbwi ya Waganda, akawapiga risasi watu waliosimama ufukweni, na wengi wakafa. Habari zilizofika Ulaya zilitoka kwenye kalamu yake, na hata hivyo wapo Waingereza waliomlaumu. Mtoto wa Bumbire asiyesoma habari hii katika somo la ramani amenyimwa sehemu ya jiografia yake.

Pingamizi la kwanza dhidi ya mpango huu ni mtihani. Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili na mtihani wa kidato cha nne ni uleule kwa Bumbire na Dodoma, na mzazi ana haki ya kutaka mwanawe afaulu. Lakini mtihani huo huuliza kusoma ramani, kutafsiri picha, kukokotoa saa kwa longitudo na kuchora grafu, na stadi hizo hazikomai kwa wiki tatu za mada moja. Mpango unaopendekezwa haupunguzi mada yoyote ya muhtasari. Unazipa mfano wa kuanzia na takwimu za kufanyia kazi. Wengine wanahofia kwamba mtoto atafungiwa kisiwani. Hofu hiyo ina mantiki, maana jiografia ni somo la dunia, na shule nyingi za enzi ya ukoloni ziliwafundisha Waafrika mito na miji ya Uingereza kuliko yao. Kulipindua kosa hilo kichwa chini hakutakuwa kulirekebisha. Ndiyo maana kila kipimo cha Bumbire kiwekwe kando ya kingine: mvua yake na ya Mwanza, ziwa lake na Tanganyika, sangara wake na meza ya Ulaya. Asiye na kipimo cha kwao hana cha kulinganishia.

Pingamizi zito zaidi ni la watu. Walimu huhamishwa, wanafunzi wengine huacha shule kufuata uvuvi, na lugha ya kufundishia inageuka kutoka Kiswahili cha msingi kuwa Kiingereza cha sekondari, wakati nyumbani panasemwa Kihaya au lugha nyingine za wavuvi waliotoka kandokando ya ziwa. Mpango wa miaka minne unaotegemea mwalimu mmoja utakufa siku ya uhamisho wake. Hilo ni kweli kabisa. Kwa hiyo daftari liwe mali ya shule, litunzwe ofisi ya taaluma, na kila kidato cha kwanza kipokezwe zamu na kidato kilichotangulia. Kwa anayeacha njiani, kila mwaka uwe na zao lililokamilika, ili hata aliyeishia kidato cha pili awe anaweza kusoma ramani na kuielewa tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuingia majini. Na kwa lugha, kipimo husaidia kuliko maelezo marefu: namba iliyoandikwa na mwanafunzi mwenyewe inampa jambo la kusema, hata kabla hajapata maneno yote ya kulisemea kwa Kiingereza.

Yapo pia mashaka kuhusu usahihi. Watoto watakosea kusoma, watasahau siku, pengine watabuni namba ya Jumapili. Makosa hayo yanashughulikiwa kwa kulinganisha na takwimu za kituo cha hali ya hewa cha Bukoba, na siku isiyopimwa iachwe wazi daftarini, bila kujazwa kwa kukisia. Wakuu wa idara za jiografia visiwani, Bumbire na majirani zake Ikuza na Goziba, hawahitaji kungoja waraka kulianza jambo hili: kipimamvua kimoja, nguzo moja ufukweni, na azimio la kazi la vidato vyote vinne lililoandikwa likiwa moja vinatosha kwa Januari ijayo.