Fasihi, Tafsiri na Maandalizi ya Mtihani wa Umilisi wa Kiingereza wa Cambridge tangu 1913

Mwaka 1913 Halmashauri ya Mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilitoa kwa mara ya kwanza mtihani wa Cheti cha Umilisi wa Kiingereza. Watahiniwa walikuwa watatu. Mtihani wenyewe ulichukua saa 12 kwa jumla, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyefaulu. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi na wanahistoria wa utahini wa lugha kama jambo la kuchekesha. Lililo muhimu kwa mhakiki wa fasihi, hata hivyo, si kufeli kwao bali ni yale waliyotakiwa kuyajua kabla ya kuingia katika chumba cha mtihani. Makala haya yanakusudia kufuatilia jinsi maandalizi ya mtihani huo yalivyobadilika, na kuonyesha kwamba vitu viwili tofauti, yaani fasihi na lugha ya mtahiniwa mwenyewe, viliondolewa katika umilisi kwa pamoja kana kwamba vilikuwa kitu kimoja.

Mtihani wa 1913 ulikusudiwa hasa wageni waliotaka ushahidi wa kutosha wa ujuzi wao wa Kiingereza ili wakakifundishe katika shule za nchi zao. Ulikuwa, kwa maneno mengine, mtihani wa walimu. Mtahiniwa alitafsiri kutoka Kiingereza hadi Kifaransa au Kijerumani kwa saa 2. Kisha akatafsiri kutoka mojawapo ya lugha hizo hadi Kiingereza na kujibu maswali ya sarufi kwa saa 2 na nusu. Aliandika insha ya saa 2. Karatasi ya fasihi ilichukua saa 3, na haikutungwa kwa ajili ya wageni: ni ileile iliyofanywa katika mtihani wa juu ambao Cambridge iliuanzisha hapo awali kwa ajili ya wanawake wa Kiingereza, wengi wao wakiwa walimu watarajiwa. Palikuwapo pia karatasi ya fonetiki ya saa 1 na nusu, halafu imla ya nusu saa, na nusu saa nyingine ya kusoma kwa sauti na kuzungumza.

Mada za insha za mwaka huo zinaonyesha dhahiri aina ya msomaji aliyetarajiwa. Miongoni mwazo mlikuwamo athari za harakati za kisiasa katika fasihi ya Uingereza ya karne ya 19, safari na uvumbuzi wa zama za Elizabeth, uasi wa Wahindi wa 1857, na mshairi na mhakiki Matthew Arnold. Mtu hawezi kujiandaa kwa mada kama hizo kwa kukariri orodha ya vitenzi. Sharti asome, tena asome kwa miaka. Ujuzi wa lugha ulidhaniwa kuwa umo ndani ya usomi, na mtahini hakuona haja ya kuutenga na historia, siasa na uhakiki wa watu wenye lugha hiyo.

Hapana budi kukiri kwamba dhana hii ilikuwa na dhuluma ndani yake. Mtahiniwa aliyeifahamu lugha barabara lakini asiyewahi kusikia habari za Arnold alionekana hajui Kiingereza, hali alichokikosa ni malezi ya tabaka fulani la Waingereza. Lakini mtihani huohuo ulikuwa na upande wa pili, ambao wanahistoria wengi huupita haraka. Saa 4 na nusu kati ya zile 12 zilitengewa karatasi za tafsiri. Mfaransa aliingia katika chumba cha mtihani pamoja na Kifaransa chake. Alitakiwa kukitumia, na kosa katika Kifaransa hicho lilikuwa kosa pia. Umilisi wa Kiingereza ulipimwa kama uwezo wa kusimama baina ya lugha mbili. Kwa mtu aliyekwenda kuwa mwalimu wa lugha, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Jambo hili linashangaza tukizingatia kwamba mbinu iliyokuwa ikishika kasi wakati ule ilipinga tafsiri. Shule za Berlitz, zilizoanza Marekani mwaka 1878, zilijijengea jina kwa kukataza lugha ya mwanafunzi darasani. Wanafonetiki nao, akiwamo Henry Sweet aliyechapisha kitabu chake juu ya ujifunzaji wa lugha mwaka 1899, walisisitiza matamshi na lugha hai ya mazungumzo. Cambridge haikuchagua upande. Iliwapa wanafonetiki karatasi yao, ikawaachia wapenzi wa tafsiri zao mbili, na juu ya yote ikaweka fasihi.

Kwa zaidi ya miaka 15 mtihani huu ulijikokota. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 watahiniwa walikuwa takriban 15 tu, na palikuwa na mazungumzo ya kuufuta. Aliyeunusuru ni Jack Roach, afisa wa Halmashauri kati ya 1925 na 1945. Karatasi ya fonetiki iliondolewa mwaka 1932. Mada za insha zikaanza kuwa za jumla, zisizomtaka mtahiniwa awe amelelewa Uingereza. La maana zaidi, Chuo Kikuu cha Cambridge kilikikubali cheti hicho mwaka 1937 kuwa sawa na Kiingereza kilichotakiwa kwa wanafunzi wanaoingia chuoni, na Oxford ikafuata mwaka 1938. Hapo ndipo mtahiniwa alipobadilika. Aliyejiandaa kuwa mwalimu katika nchi yake alipatiwa jirani mpya: mwanafunzi aliyejiandaa kuondoka katika nchi yake. Huyu wa pili hakuhitaji sana kurudi katika lugha ya kwao; alihitaji kuiacha nyuma kwa muda. Ingawa karatasi za tafsiri hazikuondolewa papo hapo, sababu ya kuwapo kwake ilikwisha kudhoofika.

Roach anastahili kutajwa pia kwa sababu nyingine. Taarifa yake ya 1945 juu ya matatizo ya kutahini lugha kwa mdomo ilikiri waziwazi kwamba watahini wawili wanaweza kumsikiliza mtu yuleyule wakampa alama zisizolingana. Wakati wa vita mitihani ya Cambridge ya Kiingereza ilikuwa imefanywa na wanajeshi wengi wa Kipolandi waliokuwa Uingereza, kwa hiyo swali la usawa wa alama halikuwa la kinadharia tena. Tangu mwaka 1941 shughuli hii ilikuwa pia ikiendeshwa kwa ushirikiano na British Council, na mtihani ukawa unasafiri kokote shirika hilo lilikofika.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya vita, nayo yalikuja kwa njia ya hiari. Katika silabasi ya 1953 mtahiniwa aliweza kuchagua fasihi, au matini za sayansi, au maisha na asasi za Uingereza, au viwanda na biashara. Vilevile aliweza kuchagua kati ya tafsiri na karatasi mpya iliyohusu matumizi ya Kiingereza. Maana yake ni kwamba kuanzia hapo mtu aliweza kupata cheti cha juu kabisa cha Kiingereza bila kusoma riwaya hata moja, na bila kuandika neno katika lugha yake. Mageuzi ya 1966 yaliupanua uhuru huo. Mwaka 1975 ukaja mpango wa karatasi tano: utungaji, ufahamu, matumizi ya Kiingereza, kusikiliza, na mahojiano. Katika mpango huo fasihi haikuwa na karatasi yake. Ilibaki kama swali la hiari juu ya vitabu teule ndani ya karatasi ya utungaji, na huko ikadumu kwa miongo kadhaa. Tafsiri ilitupwa pembeni.

Je, mageuzi hayo yalisababishwa na nini? Aghalabu hutajwa nguvu ya saikolojia ya upimaji kutoka Marekani, ambako Robert Lado alichapisha kitabu chake juu ya upimaji wa lugha mwaka 1961 na mtihani wa TOEFL ukaanza mwaka 1964. Ni kweli kwamba maswali ya kuchagua jibu na mazoezi ya kujaza mapengo yaliingia Cambridge kutoka huko. Lakini maelezo haya hayatoshi, kwa kuwa Cambridge iliendelea kung'ang'ania insha na mazungumzo ya ana kwa ana wakati TOEFL haikuwa na kimojawapo. Sababu nyingine ni ya kiutendaji. Mtihani uliokuwa na watahiniwa wa Kifaransa na Kijerumani tu ungeweza kuwa na tafsiri. Mtihani unaofanywa na wasemaji wa lugha nyingi za ulimwengu unahitaji karatasi kwa kila lugha na mtahini anayeimudu kila lugha, na bado alama za Mgiriki zilingane na za Mreno. Iliyo rahisi ni kuziondoa lugha zote isipokuwa moja.

Urahisi huo ulipewa baadaye vazi la nadharia. Ikasemwa kwamba tafsiri ni ustadi maalumu usiohusiana na umilisi, kama ilivyokwisha kusemwa kwamba fasihi ni maarifa ya utamaduni na si ya lugha. Kauli hizi mbili hazina uzito sawa. Kuhusu fasihi hoja inakubalika kwa kiasi fulani: kumtahini mgeni juu ya waandishi wa Kiingereza peke yao, kwa karatasi iliyotungwa kwa ajili ya Waingereza, ni kumpima kwa kipimo kisichomhusu. Kuhusu tafsiri hoja inakwenda kinyume. Ndiyo karatasi pekee iliyouthamini ujuzi ambao mtahiniwa alikuwa nao na mtahini Mwingereza pengine hakuwa nao.

Maandalizi yalibadilika ipasavyo. Mtihani wa leo huchukua saa 4 hivi, yaani theluthi moja ya ule wa 1913. Katika sehemu moja mtahiniwa hupewa sentensi pamoja na neno asiloruhusiwa kulibadilisha, naye huiandika upya sentensi hiyo kwa maneno yasiyozidi manane. Katika nyingine hupewa mzizi akaunda neno linalofaa katika pengo. Haya si mazoezi ya kipuuzi. Mengine yanahitaji wepesi wa akili na sikio la lugha. Lakini mwanafunzi wa lugha katika chuo kikuu anayejiandaa kwayo husoma mitihani iliyopita, akajifunza tabia za mtahini badala ya tabia za waandishi. Mwanafunzi wa Kenya anayakumbuka maandalizi ya namna hii bila kuelezwa. Ajabu ni kwamba Ulaya yenyewe imeanza kujuta: mfumo wa pamoja wa viwango vya lugha wa Baraza la Ulaya, uliotolewa mwaka 2001, ulipopanuliwa katika toleo la 2020 ulitoa nafasi kubwa kwa upatanishi, yaani uwezo wa kuwasilisha katika lugha moja yaliyosemwa katika nyingine. Tafsiri imerejea kwa mlango wa nyuma.

Afrika Mashariki inaingia katika historia hii kwa njia ya pembeni, lakini kwa uchungu. Halmashauri ileile ya Cambridge ilizitahini shule za makoloni kwa cheti cha shule, si kwa Cheti cha Umilisi. Mwanafunzi wa Kenya hakuhesabiwa kuwa mgeni wa Kiingereza. Alipimwa kana kwamba lugha hiyo ni yake, na Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika *Decolonising the Mind* (1986) jinsi mtu alivyoweza kufaulu masomo mengine yote akanyimwa cheti kwa kuanguka Kiingereza. Mfaransa aliyekwenda London alipewa karatasi iliyoitambua lugha yake. Mkenya aliyekuwa chini ya bendera ya Uingereza hakupewa karatasi ya Kiingereza iliyokitambua Kiswahili, Kikamba wala Kijaluo. Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe mwaka 1968, walisumbuliwa hasa na kiini cha fasihi iliyofundishwa. Matunda yake yalikuwa idara mbili: moja ya fasihi, nyingine ya isimu na lugha za Kiafrika. Hata hapo, swali la lugha ya mtahiniwa ndani ya umilisi wa Kiingereza lilikaa katika ufa baina ya idara hizo.

Hali ya leo imeligeuza jambo lote. Mhitimu wa Kenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, pengine aliyeandika tasnifu yake juu ya Shakespeare, anapotaka kusoma au kufanya kazi ng'ambo huombwa mara nyingi athibitishe kwamba anaijua lugha hiyo. Kenya haimo katika orodha ya serikali ya Uingereza ya nchi ambazo wengi wa raia wake huhesabiwa kuwa wasemaji wa Kiingereza. Kwa hiyo hununua kijitabu cha mazoezi ya IELTS, mtihani ulioanza kwa jina hilo mwaka 1989 na ambao Cambridge ni mmoja wa wamiliki wake, akajifunza kueleza grafu kwa maneno 150 na kuzungumza na mtahini kwa dakika zisizozidi 14. Babu yake alikuwa mwenye Kiingereza asiyeulizwa. Yeye ni mgeni, lakini mgeni ambaye, tofauti na wale watatu wa 1913, haulizwi ametoka na lugha gani. Cheti cha Umilisi hakina tarehe ya kumalizika. Matokeo ya IELTS hukubaliwa aghalabu kwa miaka 2, na mhitimu ambaye safari yake imechelewa hulipa tena na kukaa upya.