Rimoti ya gari ikigoma, anza na betri

Ufunguo wa rimoti una vifaa viwili tofauti. Cha kwanza ni rimoti yenyewe, inayofunga na kufungua milango kwa nguvu za betri. Cha pili ni chipu ndogo isiyo na betri, ambayo gari huitambua ndipo injini iwake. Basi milango ikigoma lakini gari linawaka, usikimbilie kununua ufunguo mpya.

Betri: Fungua ganda taratibu kwa bisibisi bapa. Tazama upande wa chanya ulikoelekea, kisha nunua betri ya nambari ile ile, mara nyingi CR2032 au CR2016. Vyuma vikiwa na kutu, na hewa yetu ya chumvi huileta upesi, vifute kwa pamba yenye spiriti.

Ganda: Ukinunua ganda jipya, hamisha chipu. Katika baadhi ya funguo imepachikwa kwenye ganda la zamani. Ukilitupa nayo, gari halitawaka.

Kuprogramu: Baadhi ya magari ya zamani hukubali rimoti mpya kwa kufuata hatua za milango na swichi. Chipu mara nyingi huhitaji mashine ya fundi. Kama ufunguo ulipotea, mwambie aufute kwenye kumbukumbu ya gari, la sivyo atakayeuokota anaweza kuondoka nalo.

Ikiwa gari lako lililotoka Japani lilikuja na ufunguo mmoja, tengeneza wa pili sasa. Kuongeza ufunguo huwa rahisi kuliko kuanza bila wowote.