Hela za Tabora na Mihuri Yake

Sisi wa Chumbi tunajua kisa cha manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Khabari ya sarafu za vita vile vile haisimuliwi sana. Waingereza walipoifunga pwani, sarafu za kutoka Ulaya zilikoma. Kwa hiyo mwaka 1916 Wadachi walipiga huko Tabora sarafu za heller 20 (ndilo asili ya neno letu hela), nyingine za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya manjano.

Mihuri yake haikufanana. Tutazame taji: kuna kubwa na ndogo. Kisha tugeuze, tutazame L mbili za HELLER: ncha zake zimechongoka, au zimepinda, au ya pili peke yake imepinda.

Herufi ionekanayo maradufu yataka hadhari zaidi. Ikiwa muhuri wenyewe ulichapwa mara mbili, alama ile ile hurudi katika kila sarafu yake. Ikiwa muhuri ulicheza tu wakati wa kupiga, alama hubadilika. Basi sarafu moja haitoshi kuhukumu. Nazo tusizisugue kwa mchanga, maana ndiko kufuta ushahidi.

Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora.