Jina lako katika kitabu cha kodi: historia ya ruhusa ya mhasibu kule Uingereza

Katika kambi za wakimbizi wa ndani, wale wanaoitwa madeplase, kila familia inajua uchungu wa jina kukosewa kwenye orodha. Baba ameondoka, mama amebaki na watoto, lakini orodha ya chakula bado inamtaja baba. Mama anafika na jetoni yake mkononi, anaambiwa jina lake halimo. Jetoni ni ya kweli na mama hadanganyi, lakini kinachoaminiwa ni kitabu cha ofisi.

Shida kama hiyo iko hata katika nchi zenye ofisi kubwa na mashine nyingi. Kule Uingereza, wahasibu, yaani makomtabli, wanapambana nayo kwa miaka mingi. Mteja amewapa ruhusa ya kusema kwa niaba yake, lakini kitabu cha ofisi ya kodi hakionyeshi ruhusa hiyo, au kinaonyesha jina la mhasibu mwingine.

Habari hiyo si ya mbali sana na Kivu. Kati ya mwaka 2004 na 2020 Uingereza ilipokea wakimbizi kupitia mpango ulioitwa Gateway. Kati yao kulikuwa familia kutoka Congo, zilizopelekwa kwenye miji kama Sheffield, Hull na Norwich. Kule, mtu anayejitafutia kazi mwenyewe, kwa mfano dereva wa taksi, anapaswa kuitangazia serikali mapato yake kila mwaka. Wengi wanamtafuta mhasibu awasaidie.

Kodi iliyozaliwa na vita

Kodi ya mapato ilianza Uingereza mwaka 1799. Waziri mkuu William Pitt alihitaji pesa za kupigana na Ufaransa. Mwenye mapato zaidi ya pauni 200 kwa mwaka alilipa sehemu moja ya kumi, na mwenye chini ya pauni 60 hakulipa kitu. Watu waliichukia, hasa kwa sababu iliwalazimisha kumfunulia afisa siri ya mifuko yao.

Vita vilipokwisha, kodi hiyo ilifutwa mwaka 1816. Bunge liliamuru hata karatasi zake ziharibiwe. Lakini nakala zake zilikuwa zimewekwa katika ofisi nyingine, na zilibaki salama. Mwaka 1842 Robert Peel akairudisha kodi, na mpaka leo ipo.

Kwa muda mrefu mfanyakazi wa kawaida hakuhitaji mtu wa kumsemea. Tangu mwaka 1944, mwajiri ndiye anayekata kodi kwenye mshahara kabla ya kuutoa. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1996, ulipoanza utaratibu mpya: mtu anayejitegemea anajitangazia mapato yake mwenyewe, na makosa yakitokea, anayeulizwa ni yeye. Kazi ya wahasibu ikaongezeka, na swali moja likawa kubwa: ofisi itajuaje kwamba huyu anayepiga simu ametumwa kweli na mwenye kodi?

Karatasi namba 64-8

Jibu lilikuwa karatasi inayojulikana kwa namba yake tu, 64-8. Mteja anaandika jina lake, namba yake ya kodi na jina la mhasibu, kisha anatia sahihi. Karatasi inapelekwa kwenye ofisi ya kodi, na afisa anaingiza ruhusa hiyo kwenye kitabu cha serikali.

Matatizo yanaanzia hapo. Karatasi inaweza kupotea njiani, inaweza kukaa mezani kwa wiki nyingi, au afisa anaweza kukosea namba moja. Mpaka ruhusa iingizwe, mhasibu akipiga simu anajibiwa kwamba hajulikani. Ofisi haina haki ya kumweleza mgeni siri za mlipa kodi, kwa hiyo mlango unafungwa hata kama mhasibu ana nakala yenye sahihi mkononi.

Siku nazo hazingoji. Anayetangaza mapato yake kwa intaneti anapaswa kumaliza ifikapo tarehe 31 Januari. Akichelewa hata siku moja anatozwa faini ya pauni 100, hata kama hadaiwi kodi yoyote. Ikipita miezi mitatu, anaweza kuongezewa pauni 10 kila siku, mpaka siku 90. Hesabu hiyo inafika pauni 900 juu ya zile 100 za kwanza.

Baadaye ilikuja njia ya intaneti. Mhasibu anaomba ruhusa kwenye mtandao, na ofisi inamtumia mteja barua yenye namba ya siri. Mteja anampa mhasibu namba hiyo, naye anaiingiza kabla ya siku 30 kupita. Lakini barua inakwenda kwenye anwani ambayo ofisi inaijua. Mtu aliyehama bila kuijulisha ofisi, barua yake inaangukia mlango wa nyumba ya zamani, na siku 30 zinakwisha bila yeye kujua kitu. Tena, katika kodi hii mteja anaandikiwa mhasibu mmoja tu. Akibadilisha, na kitabu kisibadilishwe sawasawa, aliyefukuzwa anaendelea kuona mambo yake, na aliyechukuliwa anabaki nje.

Kwa nini mlango ulikazwa

Ofisi ya kodi nayo ina sababu za kuogopa. Mwaka 2005 idara mbili, ya kodi na ya forodha, ziliunganishwa kuwa HM Revenue and Customs. Miaka miwili baadaye, mnamo Oktoba 2007, diski mbili zenye habari za wazazi na watoto zilitumwa London na hazikufika. Ndani yake kulikuwa majina, anwani na namba za benki za watu milioni 25. Mkuu wa ofisi hiyo, Paul Gray, akajiuzulu.

Ruhusa yenyewe pia iligeuzwa kuwa mtego. Kampuni fulani ziliwaambia watu kwamba zitawarudishia kodi waliyolipa zaidi. Watu walitia sahihi bila kuelewa kwamba wameikabidhi kampuni haki ya kupokea pesa hizo. Kampuni ikapokea, ikajikatia fungu kubwa, na mwenye pesa akaachiwa kidogo. Serikali ikabadilisha sheria, na tangu tarehe 15 Machi 2023 makabidhiano ya namna hiyo hayana nguvu. Hata hivyo, mwaka 2025 ofisi iliwaeleza wabunge kwamba wahalifu, kwa kujifanya walipa kodi, waliingia kwenye akaunti karibu 100,000 na kuiba pauni milioni 47 za serikali.

Kwa hiyo mlango umekazwa zaidi, na mara nyingi anayeumia ni mtu mwaminifu. Tangu Aprili 2020, anayeuza nyumba na kudaiwa kodi kwa faida aliyopata alipewa siku 30 za kuitangaza. Mnamo Oktoba 2021 zikawa 60. Lakini ruhusa ya zamani haikutosha. Mwenye nyumba alipaswa kwanza kufungua akaunti yake mwenyewe kwenye mtandao, ndipo amruhusu mhasibu. Mzee asiyetumia kompyuta alibaki amekwama, akiwa na mhasibu aliyemtumikia miaka 20. Vyama vya wahasibu vililalamika.

Kosa linamwangukia nani?

Sheria ya Uingereza iko wazi. Kuwa na mhasibu hakumwondolei mtu wajibu wake. Haitoshi kusema kwamba kazi aliachiwa mhasibu. Lazima mlipa kodi aonyeshe kwamba yeye mwenyewe alikuwa mwangalifu. Akipigwa faini isiyo ya haki, ana siku 30 za kukata rufaa kwa ofisi, na wakishindwa kuelewana anaweza kufika mbele ya mahakama ya kodi.

Wahasibu wenye uzoefu wamejifunza kujilinda. Wanatunza nakala ya kila karatasi yenye sahihi, wanaandika tarehe waliyoituma, siku waliyopiga simu na jibu walilopewa. Hawangoji Januari ndipo waulize kama ruhusa imeingia. Mteja akihama, jambo la kwanza wanalomkumbusha ni kubadilisha anwani. Siku ya rufaa, karatasi hizo ndizo zinazosema.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wale walioamriwa kuharibu karatasi za kodi mwaka 1816 walishindwa kwa sababu nakala ilikuwa imewekwa kwingine. Serikali ilijitunzia nakala yake. Dereva wa Sheffield na mama wa kambini nao wanahitaji yao: jetoni, cheti cha mtoto, karatasi ya ruhusa, tarehe na jina la aliyewapokea dirishani. Kitabu cha ofisi kikikosea, nakala hiyo ndiyo itakayowapa pa kuanzia.