Kandili na Nyumba Yake

Neno kandili tumelipata katika Kiarabu tukalifanya letu, na wengi waliosoma chuoni usiku kabla ya kufika umeme waikumbuka nuru yake. Historia ya kandili za Kairo ina funzo kwa kila taifa lihifadhilo utamaduni wake.

Mwaka 1356 Sultani Hasan wa Misri alianza kujenga msikiti pamoja na vyuo vya madhehebu manne. Aliuawa mwaka 1361, jengo halijamalizika. Humo zilitundikwa kwa minyororo kandili za kioo, zilizopambwa kwa dhahabu na kwa rangi zilizochomwa motoni. Maandishi yenyewe yalikuwa pambo: mara nyingi shingoni yaliandikwa maneno ya Aya ya Nuru, na tumboni jina la sultani. Utambi ulipowashwa, herufi zilipata nuru kutoka ndani. Msomaji akasoma darasa lake na kandili pia.

Karne zilipita, majengo mengi yakachakaa na vyombo vyake vikauzwa. Mwaka 1881 serikali ya Misri iliunda kamati ya kuhifadhi majengo ya kale. Vitu vilivyookolewa vilikusanywa kwanza katika Msikiti wa al-Hakim, na mwaka 1903 vikapata jumba jipya la makumbusho. Wapo wasemao kwamba kandili iliyofungiwa kabatini haina kazi. Ni kweli haimwangazii msomaji. Lakini nyingi zilizokosa ulinzi zilivuka bahari, na leo ziko Ulaya na Marekani.

Wala makumbusho si ngome. Tarehe 24 Januari 2014 bomu la garini liliripuka mbele ya jumba hilo, vioo vya kale vikavunjika. Mafundi waliunganisha vipande, na mwaka 2017 milango ikafunguliwa tena. Nasi tuliona Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jengo la mwaka 1883 lililopata kuwa makumbusho, ikiporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020.

Basi kuhifadhi si kazi ya siku moja. Kila chombo kinachotolewa katika jengo la kale hakina budi kuandikiwa kilikotoka, mahali kilipokaa na kazi iliyokifanya kitengenezwe. Kandili ya Kairo ilibeba jina la mwenyewe. Vyombo vyetu vingi havina maandishi. Habari zake zimo vinywani mwa wazee. Tuziandike wangalipo.