Msimu bora wa kuuza nyumba viungani mwa Nairobi

Mwenye nyumba aliyeko Kitengela, Ongata Rongai, Syokimau, Ruiru au Ngong anapoamua kuuza, jambo la kwanza analojiuliza ni bei. La pili, ambalo aghalabu hulipuuza hadi maji yamfike shingoni, ni wakati. Ilhali nyumba ileile, yenye vyumba vilevile na ua uleule, ikitangazwa Aprili barabara ikiwa tope haitazamwi kwa jicho lile lile litakaloitazama Agosti, njia ikiwa imekauka na mnunuzi akiwa ameshafahamu atahama lini.

Ushauri mwingi kuhusu suala hili umeandikwa kwa ajili ya nchi zenye majira manne. Nchini Marekani, mathalani, wauzaji huhimizwa kutangaza nyumba zao kuanzia Machi hadi Juni, theluji ikiwa imeyeyuka na wazazi wakitaka kuhamia mtaa mpya kabla ya shule kufunguliwa mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba. Anayeuchukua ushauri huo jinsi ulivyo ataitangaza nyumba yake ya Rongai katikati ya masika, wakati mbaya kuliko wote. Kinachofaa kuazimwa humo si miezi, bali hoja: familia hununua nyumba kwa kufuata kalenda ya shule na hali ya anga.

Nchini Kenya mwaka wa masomo huanza Januari. Utaratibu huo ulivurugwa na janga la corona, shule zilipofungwa Machi 2020, na haukurejea sawasawa hadi mwaka wa 2023. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ndiyo fursa ya pekee ambapo mzazi anaweza kuwahamisha watoto bila kukatiza mwaka wa masomo. Kwa hiyo mnunuzi mwenye familia hulenga kupokea funguo mapema Desemba, na muuzaji mwerevu huhesabu siku kurudi nyuma kutoka hapo.

Hesabu yenyewe ni hii. Mikataba mingi ya mauzo humtaka mnunuzi alipe asilimia 10 ya bei anapotia saini, na salio lilipwe katika muda wa siku 90, muda ambao mawakili huutumia kukusanya vibali na kuhamisha hatimiliki. Ili siku hizo zikamilike mapema Desemba, sharti saini itiwe kufikia mapema Septemba. Kabla ya saini kuna kuitembelea nyumba, mara nyingi zaidi ya mara moja, kuna kuvutana kuhusu bei, kuna wakili wa mnunuzi kukagua rekodi za ardhi, na kama kuna mkopo, kuna mthamini wa benki. Mambo hayo humeza mwezi mzima, na wakati mwingine miwili. Nyumba ya familia, basi, yafaa kuingia sokoni kuanzia wiki za mwisho za Julai hadi katikati ya Agosti. Anayechelewa hadi Oktoba hajapotea, lakini atakuwa akimuuzia mtu atakayehamia Januari au Februari, na idadi ya watu wa namna hiyo ni ndogo.

Hali ya anga nayo huunga mkono kipindi hicho. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Viungani, ambako barabara kuu ni ya lami lakini vichochoro vya kuingilia mitaani ni vya changarawe au udongo mtupu, tofauti ya misimu hii haihitaji maelezo. Mnunuzi ambaye gari lake limekwama mita 200 kabla ya kufika langoni amekwisha kukata bei kichwani mwake kabla hajaiona sebule. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyofunika sehemu za Athi River, Kitengela na mitaa kadhaa ya Nairobi, yaliwapa wanunuzi somo jingine. Serikali iliwaamuru walioishi kando ya mito wahame, na tangu hapo si ajabu mtu kuuliza umbali wa mto kabla hajauliza idadi ya vyumba.

Hata hivyo, mvua si adui wa kila muuzaji. Nyumba iliyo mahali pa juu, yenye mitaro inayofanya kazi na paa lisilovuja, hung'ara zaidi msimu ambao majirani wanalia. Mwenye nyumba kama hiyo afadhali apige picha za ua na barabara yake mwezi wa Mei, aziweke, kisha amwonyeshe mnunuzi mwezi wa Agosti. Picha moja ya ua mkavu baada ya usiku wa mvua ina nguvu kuliko maneno ya dalali. Kinyume chake, anayeficha ukuta wenye unyevu kwa kuupaka rangi Agosti ajue kwamba vuli itafika kabla siku 90 hazijakwisha. Doa litajitokeza tena wakati mnunuzi bado hajamaliza kulipa, na hapo ndipo ugomvi wa kurejeshewa amana huanzia.

Juni na Julai ni miezi ya baridi na mawingu katika nyanda za juu, hususan Limuru, Kikuyu na Ngong. Vyumba huonekana vya giza, na mgeni huondoka akikumbuka ubaridi kuliko ukubwa wa nyumba. Miezi hiyo ni ya matengenezo. Paa likaguliwe masika yakiwa yamemalizika tu, mahali palipovuja pakiwa bado panaonekana, kisha mitaro izibuliwe na mabati yaliyolegea yapigiliwe. Rangi hukawia kukauka wakati wa baridi, hivyo fundi asiitwe wiki moja kabla ya wageni wa kwanza. Kwa nyumba zilizojengwa juu ya udongo mweusi unaonata, kama ulioenea Kitengela, Syokimau na Athi River, kuna suala zaidi. Udongo huo hufura ukinyeshewa na kusinyaa ukikauka, na nyufa za kuta hupanuka wakati wa kiangazi. Ufa mwembamba wa lipu ni jambo dogo. Ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha huhitaji mhandisi wa ujenzi, na muuzaji aliye na ripoti ya mhandisi mkononi huulizwa maswali machache kuliko yule aliyeziba kwa saruji.

Dirisha la pili la mauzo ni fupi, nalo ni kutoka Februari hadi mvua inapoanza. Januari yenyewe ni mwezi wa kuepukwa. Karo, sare na madeni ya Krismasi huwa yameukausha mfuko wa mnunuzi, na huwa yameukausha wa muuzaji pia. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mwenye nyumba anayehitaji pesa za karo katika wiki mbili hana nafasi ya kusubiri mnunuzi wa kweli. Humwangukia mtu mwenye pesa taslimu ambaye anajua kwa nini nyumba inauzwa na kwa nini inauzwa sasa. Nyumba iliyojengwa kwa miaka kumi ya kujinyima huweza kuondoka kwa bei isiyorudisha hata gharama ya mawe na saruji. Kama dhiki ni ya muhula mmoja, mkopo mdogo wa Sacco ni nafuu kuliko hasara hiyo. Ni Sacco hizo hizo zinazoupa msimu huu wa pili uhai: mikutano ya mwaka hufanywa katika miezi ya kwanza, na wanachama wakapokea gawio na riba ya akiba zao. Kwa mnunuzi anayekusanya amana ya asilimia 10, pesa hizo huwa ndizo zinazokamilisha hesabu.

Muuzaji wa wakati huu ajitayarishe kwa swali la maji. Februari ndipo mifereji hukauka mitaani na bei ya maji ya malori hupanda. Mnunuzi atafungua bomba mbele yake. Nyumba yenye kisima cha kuchimbwa au matangi makubwa haina cha kuogopa.

Desemba huwa kimya, kwani wengi huwa wamesafiri mashambani na afisi za mawakili zimefungwa. Lakini ndio mwezi ambao Wakenya wanaoishi ughaibuni hurudi nyumbani. Pesa walizotuma mwaka wa 2024 zilikaribia dola bilioni 5 za Marekani, na sehemu yake huishia kwenye ardhi na nyumba. Wateja hawa hawabanwi sana na kalenda ya shule. Hubanwa na tiketi ya ndege. Muuzaji anayewalenga awe na nakala ya hatimiliki, picha na ripoti ya mthamini tayari kabla ya Krismasi, maana mgeni wa wiki tatu hawezi kungojea stakabadhi zitafutwe.

Kuna saa nyingine isiyoonekana ukutani, nayo ni ya ushuru. Ushuru wa faida inayotokana na kuuza mali ulisimamishwa nchini mwaka wa 1985, ukarejeshwa Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, kisha ukapandishwa hadi asilimia 15 kuanzia Januari 1, 2023. Hulipwa na muuzaji kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA). Sheria humsamehe mtu binafsi anayeuza nyumba aliyoishi mwenyewe kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuihamisha. Chukua mfano wa aliyenunua nyumba kwa Sh9 milioni, akatumia Sh1 milioni kwa uboreshaji na gharama nyingine zinazokubalika, kisha akauza kwa Sh14 milioni. Faida yake ni Sh4 milioni na ushuru ni Sh600,000. Ikiwa ameishi humo miaka miwili na miezi minane, kungoja miezi minne humwokolea pesa zote hizo. Hakuna msimu wa jua wala wa mvua utakaompandishia bei kwa uhakika kama huo. Aliyekuwa akiikodisha nyumba hana msamaha huu.

Stakabadhi nazo zina majira yake. Ada za ardhi hudaiwa na kaunti mwanzoni mwa mwaka, na bila cheti cha kuonyesha zimelipwa uhamisho hauendelei. Nyumba iliyo kwenye ardhi ya kukodishwa na serikali huhitaji pia cheti cha kodi ya ardhi na kibali cha kuhamisha. Sehemu za Kajiado, Machakos na Kiambu ambako ardhi bado imesajiliwa kuwa ya kilimo, ingawa juu yake pamesimama nyumba za ghorofa moja na malango ya umeme, huhitaji kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi. Ombi sharti lipelekwe katika muda wa miezi sita tangu mkataba kufanywa, la sivyo mkataba huwa batili. Nazo bodi hizi hukutana kwa ratiba, si kila siku. Aidha, nyumba ya familia haiuzwi bila idhini ya mke au mume. Mazungumzo hayo hayana budi kukamilika chumbani kabla bango halijawekwa langoni.

Kwa wanaotegemea wanunuzi wa mikopo, mkondo wa riba huweza kuliko msimu. Benki Kuu ilipandisha kiwango chake hadi asilimia 13 Februari 2024, kisha ikaanza kukipunguza Agosti mwaka huo. Lakini mikopo ya nyumba kutoka benki imekuwa chini ya 35,000 nchi nzima kwa miaka mingi, hivyo wengi wa wanunuzi viungani hulipa kwa akiba, Sacco au pesa za kuuza shamba.

Kila mwaka wa tano, mpango wote huu hupinduka. Katiba huweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, katikati kabisa ya msimu bora wa kuuza, na wenye pesa huzishika hadi vumbi litulie. Mwaka wa 2017 kura ilipigwa Agosti 8, Mahakama ya Juu ikaubatilisha uchaguzi wa urais Septemba 1, ukarudiwa Oktoba 26, na rais akaapishwa Novemba 28. Aliyeitangaza nyumba Agosti hiyo alimaliza mwaka akilipa mlinzi wa nyumba tupu. Mwaka wa 2022 mambo yaliharakishwa zaidi, kiapo kikafanyika Septemba 13, hata hivyo muda wa kuhama kabla ya Januari ulikuwa umekwisha kubana. Kwa mwaka wa 2027 tarehe ni Agosti 10. Nyumba inayolengwa kuuzwa mwaka huo yafaa kuingia sokoni Februari, matengenezo yakiwa yamefanywa kabla ya vuli ya 2026.